Mlango Usiopigwa Hodi

Mlango ule ulinigharimu mbuzi wawili na, kwa muda, mke. Nimepiga hesabu mara mbili: mbuzi ndio waliokuwa rahisi. Na hili sikusimuliwa. Niliona kwa macho yangu, hapa hapa Kalemie, sijaonja hata tone la pombe.

Parokia moja ilibomoa kanisa lake la zamani karibu na ziwa, ikauza mbao. Nikachagua mlango mkubwa wa mninga. Nani ataacha mti kama ule? Fundi wangu akakuna kichwa.

"Papa, mulango huu hauna komeo ndani. Huu njo mulango wa kanisa. Kule hakuna mutu analala."

"Wewe uweke tu. Komeo tutatia kesho."

Jioni ile, giza likianza, mama mzee mmoja akaingia. Kitenge chake kinachuruzika maji, lakini sakafu chini yake, niamini, kavu. Hodi hakupiga. Alichovya kidole katika ndoo yetu ya maji ya kunywa, akafanya ishara ya msalaba, akapiga magoti mbele ya kabati la sahani.

"Mama, unatafuta nani?"

"Misa haijaanza?"

"Padri hajafika," nikasema. Wewe ungejibu nini?

"Basi nitangoja."

Nilipopepesa macho, hayupo. Mke wangu aliyaona yote. Akabeba mtoto mgongoni. "Chagua, Papa: mulango ao sisi." Akaenda kwa mama yake.

Kesho yake nikatia komeo. Jioni mke akaja kuchukua nguo za mtoto, nikafunga nyuma yake, na mama mzee akapita kama komeo ni utando wa buibui. Mimi ninayebishania hata dagaa, nikamsimamia mbele ya kabati. Likanitoka hili tu:

"Mama, mbona unaingia kwa watu bila hodi?"

"Tangu lini kanisani wanapiga hodi?"

Hapo akili ikafunguka. "Angalia, Mama. Sahani zile, sufuria ya sombe. Hapa ni nyumba ya watu."

Akaitazama ile mboga ya majani ya muhogo, akaona haya kabisa. "Pole, Papa. Nilifuata mulango."

Akatoka. Kisha, nje: "Hodi."

Ulimi wangu ukakimbilia "karibu". Mke akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi." Kisha tena: "Hodi."

Mwenye adabu akikosa jibu mara tatu, huenda zake. Akaenda zake. Tulicheka mpaka machozi, na mtoto akaletwa kulala nyumbani kwetu.

Hadi leo anakuja, hodi tatu, anaondoka. Wageni wengine wanajua: hodi ya jioni hatuitikii, kwanza ujionyeshe dirishani. Nawe, ukinunua kitu cha nyumba ya Mungu, uliza nani bado anakitumia.

Ila naomba shauri. Kanisa jipya lina mlango wa chuma asioufahamu, na saa anazokuja huwa umefungwa kwa kufuli. Ukijua kanisa linalobaki wazi jioni, niambie njia ya kufika huko, nimwelekeze nikiwa dirishani kwangu. Mvua zimeanza, na pale nje hakuna paa.