Majibu ya Foleni ya Unga

"Dada Nabintu, kwa nini usitunge tu hayo majibu, ukapumzike?"

Nilimwuliza hivyo mwaka 2009, nikiwa na miaka tisa. Alikuwa amesimama penye mashine ya kusaga mahindi, hapa kwetu Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akipeleka simu mdomoni kwa huyu na yule kama mtangazaji wa redio. Alicheka, akamgeukia mtu mwingine.

Nabintu ni jirani yetu. Aliingia Nakivale akiwa msichana mdogo, baada ya vita vya 1996 kuitoa familia yao Kivu ya Kusini, Kongo. Shule aliikuta kwa Kiingereza, akarudia darasa, akarudia tena, mpaka akamaliza. Baadaye akapata kazi mjini Mbarara, kwenye jarida la falsafa la chuo kimoja, kuendesha tovuti yao. Alichukua makala za wasomi akaziandika upya kwa Kiswahili chepesi, ili mtu wa kawaida asome asikimbie. Chini ya kila makala aliweka swali moja na nafasi ya wasomaji kujibu.

Hakuna aliyejibu. Nabintu akawaza: kwetu watu wanabishana tangu gunia linaposhuka kichwani mpaka unga utoke, ila intaneti hawana. Basi kila Jumamosi akawa anakuja na swali, anarekodi sauti, na Jumatatu anayaandika majibu kwenye kompyuta ya ofisi, kila moja na jina la mwenyewe.

Mwaka uliofuata, mhariri mkuu, Dokta Kabera, akamwita. Nabintu mwenyewe alitusimulia, akimwiga sauti na ile nyabo yake ya kumwita mwanamke:

"Nyabo, hii majibu yote inatoka kompyuta moja. Ya kwetu! Wewe unaandika peke yako, unajibu peke yako. Funga hiyo ukurasa."

Alipomweleza habari ya mashine ya kusaga, Dokta alicheka mpaka akavua miwani.

"Sifungi," Nabintu akamwambia. "Munifukuze kama munataka. Lakini kwanza mufike Juru, musikie."

Kila asubuhi alimrudia na neno hilohilo. Mwishowe Dokta akaja, nadhani kwa kuchoka.

Siku hiyo nilikuwa kwenye foleni na mama. Nabintu aliuliza kwa sauti ya kuishinda injini: ahadi uliyompa mtu aliyekufa, inakubana bado?

Ezira, mfugaji wa upande wa Endiinzi, akaanza. "Mimi nilimuahidi marehemu kaka, ng'ombe yake siuzi. Sawa, siuzi. Lakini imezaa. Huyu ndama kaka hakumujua. Ahadi inamufikia?"

"Sema tu unataka kumuuza!" Mama Sidonie, muuza dagaa, akamkata. Foleni ikaangua kicheko.

"Sijasema kuuza. Nimeuliza."

"Kaka yako alitaka nini? Batoto bake bakunywe maziwa. Huyo ndama ndiye maziwa ya kesho. Inamufikia!"

Dokta alishindwa kunyamaza. "Hapana, nyabo. Ahadi ni maneno. Ile haikusemwa, haikuahidiwa."

"Papa, umeoa?" Mama Sidonie akamwuliza.

"Nimeoa."

"Siku ya ndoa ulisema utalisha batoto? Hukusema! Sasa unabaacha na njaa?"

Watu wakapiga makofi. Dokta akainua kidole. "Mtoto kula ni haki yake, si ahadi. Hapo unachanganya vitu viwili."

Mama Sidonie akafikiri. "Hiyo nayo ni kweli," akasema, "ngoja nikujibu," na zamu yake ya kusaga ikapita hajaiona. Ezira alikuwa amemshika Dokta mkono, akidai amalize habari ya ndama kwanza.

Jua lilipokuwa linashuka, Dokta alimwambia Nabintu: "Andika yote vile wamesema. Na yangu weka chini yao. Lakini sauti zitunzwe, mtu akiuliza tumsikilizishe."

Ukurasa ukabaki. Sasa ni 2015, vijana wengi wanajibu wenyewe kwa simu zao, hata kutoka Kikagate, kule mpakani na Tanzania, na Nabintu bado anakuja na swali lake penye mashine. Juzi nilimwuliza tena lile la utotoni.

"Nilijaribu, mbele hata ya wewe kuniuliza," akasema. "Nilikaa Mbarara, nikatunga majibu matatu, nikayapa na majina. Yote matatu yakakubaliana na mie. Nikayafuta, nikapanda gari ya kuja huku."