Mbwa Aje, Mjukuu Abaki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa magoti ya kupanda mlima katika umri ambao wengi wa rika langu wameshalala kaburini, akaniachia na macho nione haki ikitendeka ningali hai. Rehema na amani zimshukie Mtume wake. Naanza kwa shukrani ili msomaji atakapofika katikati ya habari hii asidhani kwamba nilimsahau Mola wangu. Sikumsahau. Nilimwomba kila siku, na mengine niliyomwomba sitayaandika.

Nilihamia Usambara kutoka Tabora baada ya kumzika mume wangu. Binti yangu anaishi huku juu, upande wa Kwai, ambako mumewe, mgeni kama sisi, anahudumia ng'ombe wa maziwa wa watu. Nilikuja na mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu, kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na ambaye ndevu zilikuwa zimeanza kumtia kiburi. Tulikuja na mbwa pia, jike mwekundu mwenye kifua kipana. Watu wa basi walimkataa. Tukampakia kwenye lori la mchele, na kijana akalala naye nyuma ya lori njia nzima.

Mume wangu alikuwa mwindaji, na mbwa yule aliachwa na yeye. Njuga aliyomvisha shingoni ilikuwa bado inalia vizuri. Mume wangu alimfundisha mjukuu wetu kusoma nyayo, kunyamaza, na kusimama mahali ambapo upepo haupeleki harufu ya mtu kwa mnyama. Dini yetu haikatazi mbwa wa kuwinda wala wa kulinda shamba; nimewafundisha hivyo watoto wa madrasa miaka mingi. Mbwa alilala nje, barazani, na siku babu yake alipozikwa kijana hakulia mbele za watu. Alikwenda kukaa na mbwa.

Hapa juu tulipata kipande cha shamba kinachopakana na msitu. Tukapanda mahindi na maharage. Nguruwe pori hawajui mpaka wa shamba na msitu, na msimu wa kwanza walituachia mabua. Mimi nilikaa chini nikalia. Mjukuu wangu alichuchumaa akapima nyayo kwa kiganja.

"Bibi, hapa kuna kazi," akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu tangu tuhame.

Basi nikaanza kumtafutia watu wa kuwinda nao. Nilikwenda kwanza ofisi ya kijiji. Mtendaji, kijana mwenye adabu, aliniambia kwamba ndani ya hifadhi hairuhusiwi hata kukanyaga na mkuki, lakini kusaka waharibifu mashambani kunaruhusiwa mradi ofisi ipewe taarifa. "Kikundi kipo, bibi. Mwone kiongozi wao." Binti yangu naye alikuwa amesikia kwamba Magoma, kule chini, wapo vijana wanaosaka. Lakini nani atashuka mlima mzima akawinde nguruwe wa wenzake, hali nguruwe wa kwake wanamlia mahindi nyumbani?

Kiongozi wa wawindaji nilimkuta karibu na mashine ya kusaga, amekaa na wenzake. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, koti la mvua mwilini hata jua likiwaka. Katika milima hii mtoto akimpita mkubwa bila shikamoo huitwa akarudishwa nyuma. Huyu alinitazama akasema, "Mambo vipi, bibi wa Tabora?" Wenzake wakacheka.

Nikasema, "Mwanangu, nimemleta mjukuu wangu. Anajua kuwinda. Namwombea nafasi kwenu."

"Amewinda wapi? Kwenu ni tambarare, bibi. Kule hata kuku anawinda."

"Shikamooni," mjukuu wangu akasema. "Nijaribuni siku moja tu."

"Huku ni milima, dogo. Utajikwaa, tumwache nguruwe tukubebe wewe."

Wakacheka tena. Kisha macho yake yakamwangukia mbwa. Akainuka, akamshika taya, akamfungua mdomo kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Akampapasa kifua. Akawaambia wenzake neno kwa Kishambaa, wakaitikia kwa vichwa.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Mbwa aje, mjukuu abaki."

Tulikubali, tukidhani mbwa atatufungulia mlango. Msimu ule wote alikwenda nao. Siku za msako mjukuu wangu alikaa barazani akiisikiliza njuga ya mbwa wake ikipanda na kushuka makorongo, na aliweza kuniambia, "Sasa ameipata harufu. Sasa amemzungusha." Alikuwa akiwinda kwa masikio. Mlango haukufunguka.

Siku moja walimrudisha mbwa ndani ya gunia. Dume lenye pembe lilikuwa limempasua tumbo. Walimlaza ukingoni mwa uwanja, na kiongozi akasema, "Amefia kazini." Hakusema pole. Dume lenyewe lilitoroka, lakini nguruwe mwingine walikuwa wamemuua, na mafungu ya nyama walikuwa wameshagawana. Sisi Waislamu nyama ile hatuili, jirani zetu Wakristo ndio wanaoichukua, kwa hiyo sikuidai ili niile. Lakini mwenye mbwa ana haki ya fungu, akampe amtakaye. Mjukuu wangu alipouliza, akajibiwa kwa sheria yao: aliyefika kabla mnyama hajapasuliwa hakosi fungu, hata akiwa mpita njia, aliyefika baada ya kisu, hata mbwa akiwa wake, hana kitu.

Sheria ile niliihifadhi kama ninavyohifadhi aya.

Kijana alimzika mbwa kando ya shamba. Njuga akaitundika kwenye msumari. Jioni yake akatoa begi lake, akalipanga nguo, akaliweka karibu na mlango.

"Bibi, tukishavuna ninarudi Tabora. Huku sina watu."

Mwanangu nimemzika. Mume wangu nimemzika. Huyu ndiye niliyebaki naye nyumbani, na begi lile nililiona kila nilipotoka kutawadha na kila niliporudi.

Kisha jirani yangu akaniambia jambo. Ni mama wa Kilutheri, anayelima shamba linalofuatana na langu, mtu aliyenigawia mbegu za viazi bila kuombwa. Alikuja akiwa mzito, akakaa, akaangalia chini.

"Bibi, kule mashineni, siku ile, unajua walisema nini kwa Kishambaa?"

"Sijui. Niambie."

"Yule kiongozi alisema, waacheni nguruwe wale mahindi ya yule bibi kwanza. Nguruwe aliyeshiba hakimbii mbali."

Kumbe shamba langu ndilo lililokuwa zizi lao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Hawa walipona kwa mahindi yangu na kwa mbwa wa mume wangu. Nilimshukuru jirani, nikamwandalia chai. Alipoondoka niliswali, na katika sijda nilikaa muda mrefu. Watu husema mcha Mungu hana kisasi. Mimi nilisoma kwamba aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kulipa kwa kadiri alivyotendewa, na kwamba kusamehe ni bora zaidi. Nilichukua ruhusa. Kilicho bora zaidi nikakiweka kwa ajili ya siku nyingine.

Nikaagiza kamba za katani kutoka Korogwe. Mume wangu alikuwa amenifundisha kufuma wavu wa kuwindia, mkono unakumbuka hata kichwa kikisahau. Nilikaa barazani nikifuma, na kwa kila fundo nilisema Subhanallah. Kati ya fundo na fundo nilimfikiria yule mtu, koti lake, na mkono wake kwenye taya la mbwa wangu. Ulikuwa wavu mgumu sana.

Mjukuu wangu alinitazama siku za mwanzo bila kuuliza. Baadaye akasema, "Bibi, huo wavu ni wa nani? Mimi ninaondoka."

"Ondoka baada ya kuutega mara moja. Unanidai au nakudai?"

Akacheka kidogo. "Peke yangu?"

"Peke yako umeambiwa na nani?"

Nilikuwa nimeshazunguka. Watoto wawili wa kiume wa jirani yangu walikataliwa na kikundi kama yeye. Vijana wa msikitini waliokuwa na mashamba ya pembeni walikuwa wakiliwa mahindi kama sisi. Wapo na watoto wa wachuma chai, wageni wa kutoka kila mkoa, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanajua kurusha mkuki. Mtendaji alisema hakuna sheria ya kuzuia vikundi viwili. Mbwa tulipata wa mitaani, wasio na ukoo, na mjukuu wangu akawafundisha. Aliyefanya vizuri kuliko wote akavishwa njuga.

Mahindi yalipokomaa, alinijia asubuhi moja na tope hadi magotini. "Dume lipo ndani ya mahindi yetu. Lile lenye pembe. Likishtuliwa litakimbilia korongoni."

"Tegeni. Baba wa wale wawili wa jirani akae na kisu karibu na wavu. Mkimuua, mpasueni upesi."

"Kwa nini upesi?"

"Kwa sababu nimesema."

Nilijua kwamba njuga ikilia kiongozi ataisikia, na atakuja na gunia lake. Njia ya kutoka kwake ni moja, nayo inapita mbele ya nyumba yangu. Nikatoa kigoda, nikakaa katikati ya njia, nikachukua ungo wa maharage. Saa ile akina mama wanarudi kutoka mashineni na unga vichwani, na wazee wawili walikuwa wameketi ukutani wakiota jua. Njuga ikaanza kulia. Nikasikia vijana wakipiga kelele, kisha mbwa wote wakabweka mahali pamoja.

Akaja anakimbia, gunia begani.

"Bibi, nipishe!"

Sikuinua macho. Nikasema kwa sauti ya kuwafikia wazee, "Kwenu mtu mzima anapitwa hivihivi?"

Akina mama wakasimama. Mzee mmoja akakohoa. Huko korongoni kelele zilikuwa zimebadilika, na nilijua dume limeingia wavuni.

"Shikamoo, bibi," akasema harakaharaka.

Nikachagua maharage. Salamu ya dini kuijibu ni wajibu; shikamoo si salamu ya dini, na hilo nilikuwa nimelifikiria mapema.

"Shikamoo, bibi!"

"Nani huyo? Masikio ya Tabora haya, hayasikii vizuri milimani."

Mama mmoja akajiziba mdomo. Mtu aliyeamkia bila kuitikiwa hawezi kuondoka mbele za watu. Atakuwa ametukana mara mbili. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Akashusha gunia, akainama vizuri, kama mtoto wa shule.

"Shikamoo, bibi yangu."

"Ehee. Mke wako hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo, bibi, naomba..."

"Ng'ombe anatoa maziwa?"

"Anatoa."

"Mvua kwenu ilinyesha? Na mama yako mguu wake ulipona? Na mbwa wako wale wawili, wanakula?"

Alijibu yote, jasho likimtoka. Wazee walikuwa wanatikisika mabega. Kisha nikasikia kutoka korongoni sauti ya mjukuu wangu ikiita, "Tayari!" Nikasogeza kigoda.

"Pita, mwanangu. Usichelewe."

Alipofika, dume lilikuwa limeshapasuliwa kutoka kidevuni mpaka mkiani. Waliokuwepo walinisimulia. Alisimama na gunia lake tupu, akamwangalia mjukuu wangu aliyekuwa anafuta mkuki kwa majani. Kijana akamwamkia kwa heshima zote, kisha akamwambia, "Samahani, mzee. Kisu kimetangulia. Sheria ni yenu." Fungu la mwenye wavu, ambalo ni langu, niliagiza apewe jirani yangu Mlutheri. Alilibeba kichwani mbele ya macho ya yule mtu, paja zima. Sijawahi kuona mzigo mzuri kama ule.

Usiniambie kwamba nilipaswa kuona haya. Nililala usingizi mtamu, nikaamka kabla ya adhana.

Mavuno yalipokwisha begi lilikuwa bado pale mlangoni. Sikuuliza. Mjukuu wangu na wenzake walikuwa wanaitwa sasa na watu wa mashamba ya mbali, hata upande wa Kifungilo, na aliporudi alikuwa na habari nyingi za kusimulia. Siku moja kiongozi wa kile kikundi alikuja mwenyewe. Alisimama nje ya uwanja. Wenzake wengi walikuwa wamemwacha na kuhamia kwa vijana.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja tuunganishe vikundi. Mbwa wangu wapo, na uzoefu ninao."

Mjukuu wangu alinitazama. Lilikuwa jambo lake, lakini aliniachia mimi nijibu, na kwa hilo namwombea kila siku.

"Mbwa waje, mwanangu," nikamwambia. "Wewe baki."

Aliondoka. Marahaba yangu hakuipata.

Siku ya pili yake, asubuhi, nilisikia kikohozi uani. Alikuwa kijana mwembamba, mtoto wa yule mtu, ameshika kamba mbili na mwisho wa kamba mbwa wawili. Alisema baba yake amewaleta mbwa, na kwamba yeye pia hujua kidogo kurusha mkuki, kama kuna nafasi. Kisha akainama hadi goti likakaribia kugusa ardhi.

"Shikamoo, bibi."

Sikuwa na deni lolote na mtoto huyu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Wenzako wako huko nyuma wanashona wavu."

Mjukuu wangu alitoka ndani, akawapapasa mbwa vifua, akatafuta kitu cha kuwalalisha barazani maana baridi ya huku ni kali. Hakuona gunia. Akalichukua lile begi, akamwaga nguo kitandani, akalitandika chini, na mbwa wakazunguka juu yake mpaka wakajilaza.

Baba wa yule kijana tunapishana bado njiani. Ananiamkia kwa mbali, kwa adabu, na mimi nachagua maharage yangu. Mwenyezi Mungu ndiye Msamehevu, mwenye haraka ya kusamehe. Mimi mja wake natembea polepole, magoti hayana nguvu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu alilinde shamba lako na kila kinachotoka msituni na kila kinachotoka kwa majirani. Akubakishie watoto wako karibu, na ugenini akupe mtu wa kuitikia salamu yako. Amin.