Nilivyoamsha modem ya laptop kwa Linux ili jina la dada yangu liwake harusini

Wakuu, hamjambo humu ndani? Leo nimekuja na furaha mpaka vidole vinateleza kwenye keyboard, mkiona herufi imeruka nisameheni. Haya nisimuliayo yametokea hapa Malindi, kwetu Shella, na mashahidi wangu ni jiko zima la harusi. Sikutia chumvi. Yenyewe imeshakolea.

Mimi nina kibanda cha kutengeneza laptop na simu. Dada yangu Rukia, mkubwa wangu, alikuwa aolewe Ijumaa. Mume ni Omari, mtu mpole, hana neno na mtu. Ila Omari aliwahi kuoa. Alimuoa binamu yake, Salma, wakaachana kwa heri, kila mmoja akashika njia yake.

Mpaka hapo hakuna tatizo, sivyo?

Tatizo lilikuwa ukumbi.

Ukumbi wenyewe ulikuwa hoteli zamani. Juu ya lango pana bango la taa, yale ya vitone vyekundu ambayo maandishi yanatembea. Meneja wa zamani ndiye aliyekuwa akiliandika kwa kompyuta yake. Harusi ya mwisho aliyoandika ilikuwa hii:

KARIBUNI HARUSI YA OMARI NA SALMA

Kisha meneja akahama na kompyuta yake, na hapakuwa na mtu aliyejua kulibadilisha tena. Na limefungwa pamoja na taa za lango. Kila jioni taa zikiwashwa, hao wanatoka, Omari na Salma, wanatembea taratibu utadhani ndio kwanza wameoana.

Ndoa imekufa, bango lipo hai. Miaka!

Ikafika hadi watu wa tuktuk wakapafanya kituo. Ukitaka kwenda upande ule unasema tu, "Nishushe kwa Omari na Salma." Mgeni akija mjini anadhani ni duka.

Harusi nyingine zikifanywa pale, bango hufunikwa kitambaa na maua. Mwenye ukumbi, Mzee Twahir, akamwambia mama kwamba nasi tutafunika vivyo hivyo. Mama akakubali. Rukia alikuwa anakunja nguo, akaziweka chini.

"Salma aliwaka, mimi nifunikwe?"

Mama akanyoosha mkono kumtuliza, akausukuma.

"Basi lango lile sipiti. Nitakaa hapa hapa kwa mama yangu mpaka nizeeke."

Wakuu, nyinyi hammjui dada yangu. Huyu akiwa mdogo aliwahi kugoma kula siku nzima kwa sababu kikombe chake alipewa mgeni. Kadi zimeshagawiwa, ng'ombe ameshalipiwa, jamaa wa Lamu wameshafika na mikeka yao, na bibi harusi anasema hapiti lango.

Mama akanigeukia. "Wewe si fundi? Haya, fanya ufundi."

Nikapanda ngazi kuliangalia hilo bango. Natafuta tundu la USB, hakuna. Natafuta WiFi, ndio kabisa. Kuna tundu moja tu, la waya wa simu. Zile simu za nyumbani za zamani, mnazikumbuka?

Mzee Twahir akanieleza. Pale mapokezi pana switchboard ndogo inayounganisha simu za vyumba, na mpaka leo inafanya kazi. Bango nalo lina namba yake, namba tisa. "Meneja alikuwa akilipigia simu kwa kompyuta. Likilia mara mbili linajipokea lenyewe, anaandika."

Bango linapigiwa simu! Nilicheka karibu nianguke na ngazi.

Kwa mliozaliwa mkakuta bundles: modem hapo kale ilikuwa kifaa cha kuzungumza na kompyuta nyingine kwa waya wa simu. Inapiga, upande wa pili inapokelewa, zinapigiana makelele wee, zikielewana ndio data inapita. Hiyo ndiyo dial-up.

Nikaenda mjini kutafuta. Kijana wa duka la kwanza akanitolea kile kidude cha intaneti cha kutia line.

"Hii sio. Nataka modem ya waya wa simu."

"Simu gani ina waya, bro?"

Duka la pili wakaniuliza kama naumwa. Nikarudi kibandani nimenuna, nikasukuma mlango, na kile ninachoegemezea mlango kikaanguka.

Wakuu! Ninachoegemezea mlango ni laptop!

Laptop nene, kuukuu, aliniachia mteja akaenda moja kwa moja. Nikaigeuza ubavuni. Tundu la simu hilo hapo! Modem ndani kwa ndani. Niliibusu, wallahi, na vumbi lake lote.

Sasa Windows yake ilikufa zamani, ndani niliiwekea Linux. Na hapa ndipo wenzangu wa Linux mtanihurumia. Modem za laptop nyingi ni nusu modem. Nusu ni chuma, nusu ni program, na program yenyewe iliandikwa kwa ajili ya Windows. Linux ukiiuliza inakujibu, kifaa nakiona, ila sijui cha nini.

Nikatafuta sana mpaka nikapata driver, ile program ya kuendesha kifaa, inayoitwa slmodem. Ya kale hiyo. Kernel mpya, moyo wenyewe wa Linux, ikaikataa katakata, errors zinateremka kama mvua ya masika. Nikatoa mfumo mpya, nikaweka Linux ya zamani ya 32-bit, umri sawa na laptop yenyewe. Hapo zikaelewana.

Nikafungua terminal, kile kidirisha cha kuandikia amri, nikaandika AT, ndiyo hodi ya modem, nikabonyeza Enter.

OK

Herufi mbili tu jamani. Nilipiga kelele mpaka muuza juisi wa jirani akaja kuuliza kama nimeshinda kitu. Nikamwambia, "Modem imeniitikia!" Akanitazama, akarudi kwenye juisi yake.

Alhamisi asubuhi nikabeba laptop mpaka mapokezi ya ukumbi, nikachomeka waya. Nikapiga. NO DIALTONE. Hilo nililijua: mlio wa switchboard ndogo si sawa na mlio wa simu ya nje, modem haiutambui. Ukiandika ATX3 unaiambia isisubiri mlio, ipige tu. Nikapiga tena namba tisa.

Ngoja... ngoja... ngoja...

NO CARRIER

Yaani hakuna modem iliyoitikia upande wa pili. Nikapiga tena. NO CARRIER. Nikabadilisha waya. NO CARRIER. Nikapunguza speed, nikabadilisha nchi kwenye settings, nikazima nikawasha, nikasema bismillahi kwa sauti. NO CARRIER. Na sina pa kusikiliza, kwa sababu driver hii haitoi sauti ya line kwenye spika. Nimekaa kama bubu na kiziwi.

Adhuhuri Rukia akapiga. "Vipi?"

"Inakaribia."

"Kassim, usinidanganye."

Sauti yake haikuwa ya ukali tena. Ilikuwa ya mtu aliyelia. Akaniambia, "Kila anayekuja kunipa hongera anaanza kwa kucheka lile bango. Nami nacheka nao. Nimechoka kucheka." Akakata.

Hapo nikaona kumbe dada yangu hakuwa na kiburi. Alikuwa anaumia.

Nikapata wazo dogo, ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nikachukua mkono wa simu ya mapokezi, nikauunga kwenye waya uleule, nikapiga namba tisa mwenyewe ili nisikie bango linasemaje.

Ikalia mara moja tu. Kisha nikasikia:

"Ni wewe tena? Tangu asubuhi wanipigia, nikipokea wanililia pii, pii, wala salamu hunipi! Nishakusomea Ayatul Kursi mpaka koo lanikauka, nikisoma wakimbia, nikigeuka kwenye kitunguu umerudi! Wataka nini, ewe kiumbe?"

Wakuu, nilikaa chini.

Kumbe waya wa bango unapita jikoni! Zamani za hoteli jiko lilikuwa na simu yake ukutani, na mtu aliiunga kwenye line moja na bango. Na jikoni yupo Bi Mwanakombo, mpishi mkuu wa harusi, mtu wa visiwani, ambaye kwake simu kulia bila kupokewa ni utovu wa adabu. Bango linasubiri milio miwili ndipo lijipokee. Bi Mwanakombo anapokea wa kwanza!

Modem yangu inasubiri modem mwenzake, inapata dua. Ikichoka inakata. Naye anawaambia wenzake, "Mwaona? Jini limekimbia."

Jiko zima lilikuwa limeshafukizwa ubani.

Likanitoka la nyumbani: "Shikamoo, Bi."

Nikasikia mwiko unawekwa chini.

"Marahaba," akajibu polepole. "Ala! Kumbe una mdomo!"

Nikakimbia jikoni. Nikamweleza yote, Rukia, bango, modem, milio miwili. Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akaufunika uso kwa leso. Bi Mwanakombo mwenyewe hakucheka. Alinitazama na mwiko mkononi.

"Mwanangu, hata hicho kidude chako kina haja ya adabu. Mtu hapiti nyumba ya watu bila hodi. Kabla hakijapita, nipigie wewe kwanza, unisalimu, uniombe njia."

"Sawa, Bi."

"Na jina langu nalo liandikwe."

Nikarudi mapokezi. Nikapiga kwa mkono. "Shikamoo, Bi. Naomba njia."

"Marahaba. Pita, baba."

Akaweka simu. Nikapiga kwa modem. Huko jikoni, nimesimuliwa baadaye, simu ilipolia mlio wa kwanza mkono wake ulinyanyuka wenyewe, wawili wakamshika. Mlio wa pili akawa anasema, "Jamani yalia! Jamani ni aibu!"

CONNECT 9600

Yallah! Nilirukaruka mapokezi kama mtoto wa Idi. Menu ya bango ikatokea kwenye terminal yangu, safi kabisa. Futa. Andika. Mzee Twahir akawasha taa za lango, japo jua lilikuwa bado lawaka.

Kwa furaha nikabonyeza Enter mapema. Bango likatembeza:

KARIBUNI HARUSI YA OMARI NA

Na Omari mwenyewe ndio anashuka kwenye pikipiki langoni. Akasoma. Akasoma tena. "Kassim! Na nani?!"

Nikamalizia mbio. RUKIA. Na nyuma yake, kwa herufi ndogo kidogo: PILAU NI YA BI MWANAKOMBO.

Nikapiga picha, nikamtumia dada. Hakujibu kwa maneno. Alituma voice note ya vigelegele, yake na ya mama na ya shangazi zetu wote.

Ijumaa nikahi ikafungwa msikitini, jioni ikawa kupamba, yaani bibi harusi aliyepambwa kuonyeshwa wageni, pale ukumbini. Kupamba ni kwa wanawake, sisi wanaume tulibaki langoni. Rukia alipofika, alisimama chini ya bango, akangoja jina lake lipite mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mama akamsukuma. "Ingia basi, watu wana njaa!"

Na ningeishia hapo, wakuu, uzi ungekuwa mtamu wa kutosha.

Lakini ikaja tuktuk, akashuka Salma. Ndiyo, Salma yule. Ni binamu wa bwana harusi, atakosaje kuja? Wote langoni tukajifanya twatazama simu.

Akainua uso, akasoma. Kisha akaja moja kwa moja kwangu, nikajua leo nimepatikana.

"Ni wewe uliyelibadilisha?"

"Ndiyo, dada."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mimi nakaa nyuma ya ukumbi huu. Kila siku nikirudi kwangu, nikipanda tuktuk, sharti niseme mwenyewe kwa kinywa changu: nishushe kwa Omari na Salma. Umenitoa ukutani, mdogo wangu. Mungu akulipe."

Akafuta macho, akacheka, akaingia ndani. Nikasikia kigelegele kikubwa kuliko vyote, na dada aliniambia baadaye kilikuwa cha Salma.

Mji mzima tulikuwa tukimcheka Omari na kumwonea huruma Rukia. Salma hakuna aliyemuuliza.

Nilimsimulia Rukia siku ya pili. Akasema, "Fungate ikiisha, nitoe na mimi. Nilitaka kuwaka siku yangu tu."

Jana nimelitoa jina lake. Nilipiga kwanza jikoni, nikasalimu, ingawa jiko lilikuwa tupu na hapakuwa na wa kupokea. Sasa pameandikwa KARIBUNI NYOTE, na watu wa tuktuk wamechanganyikiwa hawajui wapaiteje.

Nilichojifunza: ukiona NO CARRIER usiilaumu Linux haraka. Inua simu usikilize, huenda kuna mtu kwenye line anangoja salamu. Na ukitengeneza kitu cha mtu mmoja, uliza pia ni nani mwingine alikuwa akiumizwa nacho.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu bado ana laptop yenye tundu la simu? Usiiegemezee mlango. Na wale wa "ungenunua tu bango jipya", nimeshawaona mkiandika, njooni kwanza mle pilau ya Bi Mwanakombo.