Opena za Ngozi ya Mbuzi

Nianze kwa kusema wazi: Anastase ni mtu wa hovyo. Nimeshamwambia usoni, na akipita hapa leo nitarudia.

Mimi ni Mukagasana, mchoma nyama kwenye baa ya Nyirasafari, hapa Rugerero, Rwanda, kando ya barabara ya kwenda Gisenyi mjini. Nililelewa Karagwe, Tanzania, ndiyo maana wananicheka Kiswahili changu. Nyirasafari alitoka Masisi, Kongo, na mumewe, mume akafa, akabaki na jiko na benchi. Alianza na viazi vya Bugeshi na sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga. Baadaye mbuzi, baadaye bia, kisha vyumba vya kulala wageni, akijenga kimoja kimoja. Shuka anafua mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu. Mwaka ule volkeno ilipolipuka na ardhi ikatetemeka, nyumba ya huyu Anastase, jirani yetu, ilipasuka. Nyirasafari akampa chumba cha mwisho, yeye, mke na watoto, mpaka nyumba ikatengenezwa. Walilala bure, wakala bure. Mlikumbuke hilo.

Sasa, kwetu bia hufunguliwa mbele ya mnywaji. Chupa ikija wazi, mtu anajiuliza nani kaishika, kaweka nini ndani. Sumu inaogopwa hapa na msomi na asiye msomi. Nyirasafari anayajua hayo tangu utoto. Shida ilikuwa opena za kufungulia chupa: wateja walikuwa wanaziiba. Akazungushia kila mpini kipande cha ngozi ya mbuzi chenye manyoya, ili zijulikane. Zikaibwa vilevile. Iliyobaki akaifunga kwa kamba kaunta.

Siku moja ya soko watu wakajaa, meza zikaita kila upande. Nyirasafari akafungua bia kulekule kaunta, akazibeba hivyo hivyo. Anastase akaitazama yake, akaisukuma pembeni.

"Hii chupa nani alifungua?"

"Ni mi, mzee. Opena iko imefungwa kule, watu wanaziiba."

"Mi sikunywake kitu yenye sikuona ikifunguka."

Angetoka tu ningemsamehe. Lakini alipita meza kwa meza akiaga, na kila alipoinama alinong'ona. Watu wakaacha nyama yangu ikiwa bado ya moto. Baada ya hapo wakawa wanavuka barabara wasipite mlangoni petu. Wengine wakasema hata marehemu mumewe hakufa hivi hivi. Nyama ikaharibika, vyumba vikaanza kunuka unyevu, na Nyirasafari akaanza kuuliza nani angenunua nyumba.

"Dada, utafute kazi kwingine," akaniambia.

Nililia kwa hasira. Nilitaka kwenda kwa Anastase na mkaa wa moto.

Kumbe atakuja mwenyewe. Binti yake Kamikazi alikuwa anaposwa, na baba wa mposaji, mzee Karekezi wa Kigali, aliwahi kulala kwetu zamani. Akasema ukoo wake utalala kwa yule mama wa mbuzi, si kwingine. Basi mchana mmoja Anastase akamleta kuona vyumba, tabasamu hadi masikioni, na majirani wakafuata nyuma kutazama.

Nyirasafari akawapokea kwa heshima. Akaweka chupa mezani, zote zimefungwa. Opena hakuleta.

"Fungua mwenyewe, mzee," akamwambia Anastase. "Uone ikifunguka."

Anastase akacheka kidogo, akatia mkono mfukoni, akatoa funguo zake na kufungua, kama afanyavyo kila siku kwake. Hakuna aliyeitazama chupa. Kati ya funguo zake ilining'inia opena yenye mpini wa ngozi ya mbuzi, manyoya yamelika kwa kushikwa.

Niliacha nyama motoni. Nilikuwa tayari kumtukana mpaka babu yake. Nyirasafari akanizuia kwa mkono.

"Uliniibia," akasema. "Kisha ukasema mi naua watu. Watoto yako walikula mu hii nyumba."

"Labda niliichukua bila kujua."

"Bon, haya. Kunywa."

Akanywa, mbele ya mkwe wake, mpaka chupa ikaisha. Nyirasafari akaichomoa opena kwenye zile funguo. Karekezi akamsogezea chupa yake.

"Mama, nifungulie."

Akamfungulia. Kisha akamgeukia Anastase.

"Vyumba iko. Ya wageni. We utalala kwako."

Jioni majirani wakaanza kurudi. Wa kwanza alipita kaunta, akaweka kitu, akaenda kukaa. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Nikasogea kutazama. Zilikuwa opena, zote na ngozi ya mbuzi. Nyirasafari alizipokea moja moja akisema asante. Mimi niliwachomea nyama, lakini sikumsalimia hata mmoja.