Siku Niliyomtafsiria Bibi

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu hospitali, pale Makandana. Kifua kilikuwa kinambana. Daktari, kijana mdogo tu, akamwuliza, "Maumivu yanashuka mpaka mkono wa kushoto, mama?" Jirani akaitikia. Daktari akasema huo ni moyo, na tumshukuru Mungu tumewahi. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Habari ya mkono huo niliwahi kuisikia nikiwa na miaka kumi, nikainyamazia.

Nilikulia Kinyala kwa bibi, mama yake baba. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Wewe uliyekulia kwetu unazijua asubuhi zile: ukungu umelala juu ya migomba, kuni mbichi zinatoa moshi, nasi tumechutama jikoni tunamenya ndizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Bibi alipika ndizi na maharage, akanimiminia maziwa mgando, halafu akanihimiza kwa Kinyakyusa niwahi shule. Kiswahili alijua cha sokoni tu, cha kutaja bei na kusalimia.

Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai. Miaka ile viwanda vilipokuwa vinauzwa kwa watu binafsi, akapunguzwa kazi. Alikaa nyumbani kama mwezi hivi, kisha akaenda Chunya kutafuta dhahabu. Ilikuja barua moja, basi. Jioni bibi alikuwa anasimama penye kona ya njia na jembe lake begani, anaangalia upande wa barabara.

Shuleni alikuwapo mwalimu wa Kiswahili aliyetoka Pangani. Alivaa koti mwaka mzima kwa baridi yetu, lakini akifundisha unasahau kwamba anatetemeka. Siku moja aliandika ubaoni neno "moyo". "Ni nyama iliyo kifuani," alisema, "na ndipo panapokaa huzuni na furaha. Nani atanipa visawe?" Akatupa mwenyewe: mtima, fuadi. Nilirudi nyumbani nikiyaimba maneno hayo njia nzima. Nilimwuliza bibi, akacheka. "Sisi tuna moja tu, indumbula. Linatutosha."

Wiki ileile alianza kupumzika njiani akitoka kuchota maji. Jumatano akaniambia nisiende shule, nimpeleke zahanati nikamsemee, kwa sababu mganga alikuwa mgeni, ametoka mkoa mwingine. Nilifurahi, nisikufiche. Nilivaa sare.

Bibi alikaa kwenye benchi, akaweka mkono kifuani. Alisema indumbula inamwuma, inamkaba akipanda mlima. Kisha akausugua mkono wake wa kushoto toka bega hadi kiganja. "Mwambie na huu pia. Unakufa ganzi."

Nikamgeukia mganga. "Shikamoo daktari. Bibi anasema fuadi yake inasononeka."

Mganga aliweka kalamu chini, akacheka kwa mshangao. "Fuadi! Kiswahili hicho umekipata wapi, binti?"

"Shuleni."

"Haya. Na nani kamsononesha?"

"Baba yangu. Alipunguzwa kazi, ameenda Chunya, haandiki barua."

Uso wake ulibadilika, akamtazama bibi kwa huruma. "Kuna mahali pengine panapomwuma?"

Huo mkono niliuona ni wa jembe tu. Mikono ya kila mtu kwetu ilikuwa inauma. Tena haukuwa na neno zuri. "Hapana," nilisema.

Akatoa vidonge vya kumsaidia kulala, akaniambia nimsihi bibi asiwaze sana. Bibi alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga fijo," alimwambia, asante sana. Njiani akaniuliza, "Umemwambia yote?" Nikamjibu yote. Akasema yeye amesoma kupitia mimi.

Jumamosi asubuhi alienda kukata ndizi. Nilipoona anachelewa nilimfuata, nikamkuta ameketi chini, ameegemea mgomba, panga liko pembeni yake. Nilidhani anapumzika. Nilimwita mara tatu kabla sijamgusa.

Baba alifika siku ya nne baada ya maziko, amekonda, viatu vimejaa vumbi la Chunya. Hakuingia ndani. Aliniuliza palepale uani, "Mama alikuwa anaumwa nini?"

Nami nikamweleza kama nilivyoamini. "Moyo wake ulikuwa unauma kwa sababu yako, baba. Hata daktari alijua."

Alikaa chini kwenye matope. Kuanzia siku hiyo hakusafiri tena. Wenzake walipoanza kwenda Tunduma kwenye biashara, yeye alibaki kwenye migomba ya mama yake.

Sasa jiko limeanguka na migomba ameirithi shangazi. Wajukuu wake wanakuja likizo kutoka Dar, na ukiwasemesha Kinyakyusa wanatabasamu tu. Baba ana miaka sita kaburini, kando ya bibi. Siku zake za mwisho nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Akanisukuma mkono taratibu, akaniuliza, "Unadhani mama alinisamehe?"

"Alikusamehe, baba," nilimwambia, nikamfuta mdomo.

Ndilo jambo pekee nililojua kumjibu.