Hita ya Mtopanga

Wallahi, Mtopanga nzima hakuna aliyechekwa kama mimi, mwaka nilioamua kutia hita kwenye gari.

Gari lenyewe ni la kuunga. Nililipata kwa mgeni mmoja wa Bamburi aliyekuwa akirudi kwao, likiwa bado vipande kwenye makasha: bodi la faiba huku, chesi ya chuma kule, viti viwili vimefungwa kwa nailoni. Injini nikatoa kwenye gari la saluni kuukuu. Nikaliunga uani kwangu, jirani kwa jirani wakichungulia, na lilipotoka nje watoto wa mtaa wakaliita Sabuni kwa vile limeviringana. Hita halikuwa nayo wala sikuiulizia. Ya nini, na hapa kwetu hata maji ya bomba yatoka vuguvugu?

Kasoro nilikuja kuiona Taita, kwao mke wangu. Ilikuwa Julai, twapanda zile kona za juu ya Mwatate, mvua ya rasharasha, madirisha tumefunga kwa baridi. Kioo cha mbele kikawa cheupe pepepe kwa pumzi zetu wenyewe. Mke wangu akawa afuta kwa leso. Akifuta huku, kwaziba kule. Kona moja niliiona imeshafika, na gurudumu likaingia mtaroni. Hatukuumia, alhamdulillahi, lakini mwenzangu alishuka, akajitanda leso ileile iliyolowa, akaniambia, "Baba watoto, gari hili nitaliingia tena siku mikono yangu itakapokosa kazi." Akaushika mlima kwa miguu.

Nilidhani ni hasira za siku moja. Thubutu! Tangu hapo akawa aenda kumtazama mamake kwa matatu, nami nabaki nyumbani nimenuna na gari langu. Nilikuwa namtaka pale pembeni yangu, basi. Gari la viti viwili, kimoja kitupu, halina raha hata kidogo.

Ndipo nikaenda Changamwe kwa wauza spea za mitumba. "Hita?" muuzaji akashangaa. "Mzee, una homa?" Akawaita wenzake waje wanione. Kumbe wanazo chungu nzima, hazijaguswa, kwa sababu mafundi wa pwani wakishika gari lolote huzikata hita na kuziba njia zake. Wasema zavujisha maji bure. Nikachagua moja iliyo nzima, na feni yake, nikaondoka huku nyuma wanaendelea kucheka.

Hita ni kitu chepesi kukielewa: kijirejeta kidogo chapitishiwa maji ya moto ya injini kwa mipira miwili, feni yapuliza, hewa yatoka moto. Kazi ni kuifikisha hewa hiyo kwenye kioo. Mara ya kwanza ilinipiga magotini, nikaiva miguu na kioo hakijui habari. Nikatengeneza mfereji wa faiba nyuma ya dashibodi, wenye mwanya mrefu mwembamba chini ya kioo. Bado ikawa yapotea, maana gari la kuunga lina matundu kama chekecheke. Nikachana godoro kuukuu, nikaziba kila tundu kwa sponji. Kisha nikagundua feni yavuta hewa ileile yenye pumzi zetu na kuirudisha kiooni. Nikaitobolea njia ivute ya nje.

Lakini utaijaribuje, Mtopanga, jua la utosi? Nikachemsha sufuria ya maji, nikaingia nayo garini, nikafunga madirisha. Kioo kikaziba vizuri sana. Nimo ndani natiririka jasho, nangoja injini ipate moto, mara jirani yetu, mama mmoja mwenye huruma zake, agonga mlango.

"Pole, baba. Homa imekushika?"

"Sina homa, mama."

"Sasa mafusho ni ya nini? Na mbona hukutia mwarubaini?"

Kabla sijajieleza keshakwenda kunichumia majani. Alirudi na fungu zima, na nyuma yake nusu ya mtaa wamekuja kuniuguza. Wakanikuta nimepiga magoti kitini nachungulia juu ya dashibodi napiga kelele, "Kimefunguka! Kimefunguka!" Kioo kilikuwa safi, chaonyesha hadi msikitini. Wao wakazidi kuamini kwamba homa imepanda kichwani.

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Lakini alikubali. Julai ilipofika tena nikalipeleka Sabuni kwa fundi wetu abadilishe oili, na asubuhi yake tukashika njia, yeye pembeni yangu na leso yake mkobani. "Si kwamba sikuamini," alisema.

Chini ya zile kona mvua ikaanza. Kioo kikaanza kuziba. Mimi huyo, kwa madaha, nikafungua hita.

Baridi. Baridi tupu yanipuliza usoni. Mke wangu akaingiza mkono mkobani.

"Usiitoe!" nilipiga ukelele. Nikaegesha, nikafunua boneti. Mipira miwili ya hita imeng'olewa, na mahali pake pameunganishwa kampira kamoja, nadhifu, kamekazwa kwa klipu mpya. Nilimpigia simu fundi palepale mvuani.

"Ah, mzee, nimekukatia ile takataka," akasema, amefurahi. "Ingekuja kukuvujia. Si wote nawakatia?"

Maneno niliyomjibu siyaandiki. Mipira yangu, alhamdulillahi, alikuwa ameifunga kwa waya kando tu. Nikangoja injini ipoe, nikairudisha, nikaungua vidole viwili, nikajaza maji ya chupa. Mke wangu alinishikia mwavuli muda wote huo, anatetemeka.

"Mikono ina kazi hiyo," nikamwambia, moyo umenianguka.

"Ya mwavuli haihesabiwi," akasema. "Twende."

Mara hii hewa ilitoka moto. Kioo kikafunguka kutoka chini, polepole, hadi juu. Kona zote nikaziona kabla hazijafika. Yeye alikwisha kuitoa leso kwa mazoea. Akakitazama kioo, akaitazama leso, akaikunja, akailazia kichwa.

Alilala. Ndani ya gari hili hakuwahi kulala hata siku moja. Mikono yake ilikuwa magotini, imefunguka, haina kazi yoyote.

"Tumefika?" aliniuliza baadaye, macho yamefumba bado.

"Bado, lala tu," nikamwambia. Nilikuwa nimeegesha kitambo, hita yapuliza, na mamake amesimama mlangoni atupungia mkono.