Pepo Aliyetaka Wembe

Nilikuwa kinyozi Kariakoo, nyuma ya soko, wakati wa Mwingereza, mkono wangu wa kulia ulipoanza kutetemeka. Wiki ya kwanza niliuficha. Nilibana kiwiko ubavuni nikanyoa hivyo hivyo. Wiki ya pili nikamkata sikio hamali mmoja wa bandarini. Aliruka damu ikimchuruzika shingoni, akanipiga kichwa cha pua, kisha akanikanyaga mbele ya watu.

"Mlevi mkubwa we!"

Mimi, ambaye tembo sijaitia mdomoni tangu nizaliwe!

Hospitali, daktari alininusa mdomo tu, akasema pombe. Niliporudi nikamkuta mwingine. Huyo akasema homa imeingia kwenye mishipa, akanipa kwinini mpaka masikio yakavuma. Mkono ukazidi. Mara ya tatu huyo huyo akasema hajui. Nilitamani kumkaba. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie nina nini, nirudi kwenye kazi yangu.

Kaka yangu akasema yeye anajua: pepo. Asubuhi moja akanipeleka Msimbazi kwa mganga. Nikafunikwa shuka jeupe, nikafukizwa ubani, ngoma zikaanza. Kila nilivyotetemeka walizidi kuzitwanga, wakidhani pepo amenipanda kichwani. Hakupanda pepo wala jini. Mle ndani ya shuka nilikuwa mimi tu na jasho langu.

"Taja jina lako!"

Mganga alikuwa anamwuliza pepo, si mimi. Akanichapa bakora ya mgongo.

"Unamtesea nini kiti wako? Unataka nini?"

Kiti ndiye mimi, niliyekaliwa na pepo. Bakora nyingine, na nyingine, mpaka ngozi ikachanika. Kaka yangu mwenyewe alinikandamiza mabega nisikimbie, na kwa hilo namchukia mpaka leo, ingawa alikuwa analia. Hasira zikanijaa, nikapiga ukelele kwa sauti yangu mwenyewe:

"Nataka wembe wangu!"

Ngoma zikanyamaza. Kisha wanawake wakapiga vigelegele. Mganga akatupa bakora chini, akatangaza kuwa pepo amesema: anataka damu.

Nililitupa lile shuka, nikamkunja mganga kanzu, nikamwambia ni mimi niliyesema, mimi, kinyozi. Alimgeukia kaka yangu.

"Wote husema hivyo."

Kabla ya adhuhuri habari zilikwishafika sokoni. Kesho yake nilinoa wembe, nikakaa kungoja. Wateja wangu wa miaka yote walipita upande wa pili wa barabara, wamezishikilia kofia zao vichwani.